Mashine Ilipokataa Vidole vya Mama

Mama yangu alianza kupasua kokoto Mwakirunge nikiwa darasa la pili. Kwa kazi hiyo alitusomesha, mimi na ndugu zangu wawili, na leo mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Mishomoroni. Anayepasua kokoto hana glavu wala nini. Mkono wa kulia una nyundo, wa kushoto unalishika jiwe lisiteleze, na vumbi huila ngozi polepole mpaka ncha za vidole ziwe laini kama kigae. Jambo hilo sikuwahi kulitia akilini mpaka siku tuliyokwenda kliniki kumwandikisha upya.

Utaratibu wa bima ya afya ulikuwa umebadilishwa. Kadi za zamani hazikutumika tena. Mgonjwa alitakiwa aweke kidole kwenye mashine, na mashine ndiyo iamue kama atatibiwa kwa bima au la. Redioni tuliambiwa kwamba sasa hakuna mtu atakayetibiwa kwa jina la mwenziwe. Mimi nililiunga mkono jambo hilo, tena niliwahimiza majirani wajiandikishe mapema.

Mama ana ugonjwa wa sukari. Kila mwezi huchukua dawa.

Karani pale dirishani alikuwa dada mmoja wa bara, mpole. Alimwomba mama aweke kidole gumba, kisha cha shahada, kisha cha kati. Akamfuta kwa spiriti, wakaanza upya. Mwisho akageuza kioo cha kompyuta nikisome mwenyewe.

"Inasema hakuna kidole," akasema.

Mama akacheka. "Hakuna kidole? Na hiki nilichoweka ni bamia?"

Tulicheka sote watatu. Lakini vidole vyote kumi vilikataliwa, na karani akasema hawezi kuendelea, maana bila alama za vidole mfumo haumpi hata nafasi ya kuandika jina. Alitushauri mama aache mawe kwa mwezi mzima, labda mistari ingerudi.

Aliacha. Mwanamke asiyejua kukaa bure alikaa barazani akiloweka mikono katika maji ya uvuguvugu na kuipaka mafuta ya nazi asubuhi na jioni. Mwezi ulipokwisha tukarudi. Mashine ikakataa. Nikawa namnunulia dawa duka la dawa, nikidhani ni jambo la muda tu, mpaka siku moja nilipokuwa nikifagia chumba chake nikaona karatasi za vidonge ambazo zingekuwa zimekwisha zamani.

"Mama, mbona dawa zimebaki hivi?"

"Nameza kimoja badala ya viwili," akasema, akitazama pembeni. "Nazivuta zifike mbele. Wewe una watoto."

Nilitoka nje nikalia, kisha nikanawa uso. Jumamosi yake nilipanda kwenda timboni, kule yanakochimbwa mawe.

Wanawake walikuwa wamekaa chini ya kibanda cha makuti, kila mmoja na rundo lake. Niliwaamkia, kisha nikauliza nani amekataliwa na mashine. Mmoja akainua mikono yake miwili juu, viganja vikinitazama, na wengine wakafuata. Nikatoa daftari nikaandika: miaka aliyopasua mawe, ugonjwa alionao, mara alizorudishwa. Wengine hawakuwa wamekwenda kabisa. Walisikia habari za mama wakaona hakuna haja. Bibi mmoja alikuwa na kidonda mguuni, amekifunga kwa kipande cha leso. Nilimsihi aende hospitali.

"Nitakwenda vidole vikirudi, mwanangu," akanijibu.

Nilipomweleza mama nilichofanya, alikasirika. "Wataka kunianika mbele za watu? Mimi sikuomba mtu anisemee."

"Si wewe peke yako, mama."

"Ndiyo hasa. Sasa umetuanika sote."

Hatukusemezana siku mbili. Siku ya tatu lilipita gari la vipaza sauti likitangaza kikao katika ukumbi wa jamii. Wakuu wangekuja kupokea maoni ya wananchi kuhusu kanuni mpya za bima. Nilijiandaa kwenda na daftari langu. Mama akavaa buibui lake akanifuata.

Mhandisi aliyetoka Nairobi alitueleza mfumo kwa ufasaha. Nilipopewa nafasi nikasoma niliyoyaandika. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema matatizo kama hayo ni machache, na mashine zilijaribiwa vizuri kabla hazijasambazwa.

"Zilijaribiwa kwa vidole vya nani?" nikauliza.

Kabla hajajibu, mama alisimama. Sikumtazamia. "Bwana mhandisi, hiyo mashine unayo hapo?"

"Ninayo, mama."

"Basi niandikishe."

Akaenda mbele polepole. Yule bwana akafungua mkoba, akaiwasha. Mwanzo alikuwa akimwelekeza: bonyeza, inua, legeza mkono. Kufika kidole cha sita alikuwa amenyamaza. Nyuma ya mama, wanawake wa timboni waliokuja kikaoni nao walikuwa wamekwisha kupanga foleni. Alimjaribu wa pili, na wa tatu. Mashine ikawakataa wote.

"Watu wa kazi hii hawakuwamo katika majaribio yetu," akasema hatimaye. Namheshimu kwa kulisema hilo mbele ya wakubwa zake. "Niandikieni barua. Nitaifikisha."

Tuliiandika siku ile ile. Wasiojua kuandika walitia vidole gumba kwenye wino, na karatasini pakatokea madoa meusi matupu, bila mstari hata mmoja. Hatukuhitaji ushahidi mwingine.

Barua ilikwenda, na ikawa kimya. Kila Ijumaa baada ya swala nilikwenda ofisi ya bima kuuliza, na kila Ijumaa niliambiwa nisubiri. Nilisubiri, lakini nilisubiri palepale kwenye kiti chao. Baada ya miezi waraka ukatoka: asiyesomeka vidole atambuliwe kwa kitambulisho, na muuguzi mkuu atie sahihi. Kliniki yetu ikasema haijaupata. Nilikuwa na nakala mkobani. Siku hiyo mama alitoka na dawa za mwezi mzima, vidonge viwili kwa siku.

Kidonda cha yule bibi hakikuusubiri waraka. Mguu wake ulikatwa chini ya goti wiki tatu kabla. Nilipokwenda kumpa pole nilishindwa kumtazama usoni, nikaanza kuomba radhi kwa kuchelewa.

"Nyamaza," akanikata. "Wako wengine. Nenda kawaulize."

Ni kweli wako. Likoni wako wanaofua nazi, kuzitoa makumbi, tangu alfajiri mpaka jua linapozama. Changamwe wako wapagazi wa saruji ambao viganja vyao vimeliwa na vumbi kama vya mama. Waraka unawahusu nao, ila hakuna aliyewaambia kwamba ni haki yao, na makarani wengine bado wanawarudisha nyumbani. Nimekwisha kuzungumza na kina mama wa Likoni. Jumatatu, shule ikiwa imefungwa, navuka kwa feri ya kwanza, na mama amesema tunakwenda pamoja.