Kibao Shingoni mwa Mwalimu Mkamburi

Mwalimu Mkamburi alikuwa na ulimi, na kijiji kizima cha Mwanda, huko Taita, kilijua. Miaka ya sabini alifundisha Kiingereza darasa la sita, akakichimba kama watu wanavyochimba umbea: kila neno alitaka kujua ni mtoto wa nani. Coffee, sugar na cotton, aliwaambia wanafunzi, ni maneno Waingereza waliyoyapata kwa Waarabu. Pyjamas ni la Bara Hindi. Hata cardigan, kama sweta ya Mwalimu Mkuu, Bwana Fanuel, ni jina la bwana mkubwa fulani wa huko Ulaya. Darasa lilicheka hadi likasikika ofisini.

Nje ya darasa, lakini, kulikuwa na kibao. Kipande cha mbao chenye kamba ya katani: ukisikika ukiongea Kidawida, lugha ya nyumbani, unavikwa shingoni, nawe unamnyemelea mwenzako akosee umvike. Atakayekutwa nacho jioni, viboko. Upuuzi mtupu, na wazazi wakauita elimu.

Siku moja kibao kilimkalia Dinah wa darasa la sita, aliyemwita mdogo wake kwa Kidawida alipomwona akianguka. Dinah akakataa kumvika mwingine. Alichapwa mpaka akashindwa kuketi. Mkamburi akaingia ofisini moto.

"Mwalimu Mkuu, Kiingereza chenyewe kimejaa maneno ya watu. Nacho tukivike kibao?"

"Sheria ni sheria, Mwalimu. Ukiona ngumu, kuna shule huko mbali Marungu inatafuta mwalimu."

Fanuel alijua anapogusa. Mama yake Mkamburi alikuwa mgonjwa wa kitandani palepale Mwanda, hana mwingine wa kumgeuza. Jioni hiyo Mkamburi alilia kwa hasira.

Kesho yake alimvua Dinah kibao kilichokuwa bado shingoni mwake, akajivika chini ya mtandio, akafundisha neno moja tu: boycott, yaani kususia. Lilikuwa jina la msimamizi wa mashamba huko Ayalandi. Wapangaji walipochoka naye walikataa kumvunia, kumuuzia, hata kumsalimia.

Jioni, kwenye paredi, Fanuel akashika kiboko. "Kibao kiko na nani?"

"Niko nacho mimi." Mkamburi akafunua mtandio. "Nimeongea Kidawida tangu asubuhi. Nichape."

Fanuel aliteremsha kiboko. "Marungu. Jumatatu."

"Nitaenda, na mama yangu. Na hiki naenda nacho."

Jumatatu majirani walimteremsha mgonjwa kwa machela mpaka barabarani. Mkamburi alitangulia, kibao kifuani. Watoto wakawasindikiza wakiimba kwa Kidawida, kwa sauti zao zote, wakipita mbele ya ofisi ya shule, na Fanuel hakuwa na cha kuwavika.