Mama wa Izia anayeogopa ukimya wa bandani

Kumepambazuka Izia, pembezoni mwa mji wa Sumbawanga, na baridi ya Ufipa haina huruma na mtu. Bertilla Sikazwe amejitanda blanketi juu ya sweta, ndoo ya uji wa pumba mkononi, amesimama nje ya banda la mbao. Haingii. Ametega sikio.

Ndani kimya.

"Jamani, msinifanyie hivi," ananong'ona, kisha anausukuma mlango kwa goti.

Nguruwe jike amelala ubavu, na mbavu zake zinahesabika hata ukiwa mlangoni. Watoto sita wamejibana kwenye dumu la maji ya moto lililoviringishwa sweta kuukuu. Bertilla anachuchumaa, anawagusa mmoja mmoja. Wana joto. Yule mdogo kuliko wote anamshika kwa muda mrefu zaidi, kiganja kifuani, mpaka ausikie moyo wake unavyodunda. Hapo ndipo naye anaposhusha pumzi.

Huyo mdogo ndiye anayemkosesha usingizi. Kati ya sita waliobaki, jike ni yeye peke yake, na jike huyo ana mwenyewe.

Bertilla, ambaye majirani wanamwita Mama Romani, ni mjane. Analima mahindi na ulezi, na riziki ya kila siku anaitoa kwenye komoni, pombe ya kienyeji anayoipika nyumbani. Mwaka jana akina mama wa jumuiya yao ya kanisani walimpa nguruwe jike mchanga, kwa sharti moja. Uzao wa kwanza, atoe mtoto jike kwa mama anayefuata, naye huyo aje ampe mwingine. Yeye mwenyewe alipewa hivyo hivyo na aliyemtangulia.

Anayefuata ni Coleta, mkulima na mpika komoni mwenzake wa nyumba chache mbele, ambaye ameshajenga banda.

"Kila nikienda misa napita pale," anasema Bertilla. "Limefagiliwa, mlango wazi, kihori kipya cha kulishia. Nainamisha kichwa kama nimeiba kitu."

Mambo yaliharibikia kwenye pombe. Kwa wapika komoni wa huku, pombe ikishachujwa machicha yanakwenda kwa nguruwe, hakitupwi kitu. Ndivyo Bertilla alivyomwona mama yake akifanya, naye hakuwahi kuuliza. Nguruwe wake alipozaa watoto wanane na kuanza kukonda, alimwongezea machicha. Alipozidi kukonda, akamwongezea tena.

"Alikuwa anamaliza yote, analala fofofo. Mimi najua ameshiba. Na watoto hawana kelele, wapole kabisa. Nikawa nawasifia kwa watu, eti wanangu mimi wana adabu!"

Asubuhi moja akakuta wawili wamekufa.

Alimwita Zephania, kijana ambaye ni afisa mifugo wa kata. Zephania alimpa shikamoo, akaingiza mkono kwenye kihori, akaunusa, akamgeukia.

"Mama, huyu hajashiba. Huyu amelewa," alimwambia. "Anayenyonyesha humpi machicha matupu. Tumbo linajaa, maziwa hayaji. Na hawa watoto si wapole, mama. Hawana nguvu ya kulia."

Bertilla anasema alikaa pale pale kwenye tope.

"Miaka yote nauza komoni, mlevi namjua kabla hajafungua mdomo," anasema, na kicheko chake hakina raha hata kidogo. "Huyu wa kwangu mwenyewe sikumjua."

Tangu siku hiyo machicha hayaingii humo. Anampikia nguruwe uji wa vuguvugu wa pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa waliotwangwa, anampa kidogo kidogo mara nyingi, na maji hayakauki. Zephania aliwachoma watoto sindano ya kuongeza damu. Mama mtu ameanza kuamka, lakini maziwa bado ni ya kusuasua.

Mengi yako kwenye chuchu za mbele, na hizo kaka zake wamezitwaa. Yule jike anasukumwa nyuma, ananyonya pasipo na kitu. Kwa hiyo kila wanaponyonya Bertilla anapiga magoti kwenye majani makavu, anawazuia madume kwa kiwiko, anamweka mdogo mbele.

Wapo waliomshauri ampe Coleta madume mawili, yaishe.

"Madume mawili yatamzalia nani?" anauliza kwa ukali. "Na atakayemfuata Coleta atapewa nini?"

Ila Coleta mwenyewe alikuwa hajaambiwa kilichosababisha. Anajua watoto wawili walikufa, basi. Na asubuhi hii, Bertilla akiwa bado amepiga magoti, hodi inasikika uani.

"Wameamkaje?" anauliza Coleta akichungulia, bakuli la dagaa waliosagwa mkononi. Anawaangalia watoto. "Majike wangapi?"

"Mmoja."

"Yupi?"

Bertilla anamwonyesha kwa kidevu. Halafu, bila kuinua macho, anayatoa yote kwa mkupuo: machicha, ulevi, wale wawili waliokufa, na huyu ambaye huenda naye asifike kesho. Anaonekana kama mtu anayengoja kutukanwa.

"Mwenzangu," Coleta anasema, "mimi nina gunia zima la machicha. Nimeyaanika, namngojea huyo huyo."

Wanatazamana. Hakuna anayecheka. Coleta anakaza kitenge kiunoni, anapiga magoti upande wa pili na kulisukuma dume moja nono. "Sogea, wewe. Una kitambi tayari."

Akiulizwa atamkabidhi lini, Bertilla hathubutu kutaja siku. Anaogopa hata kumtazama sana mtoto huyo, asije akamzoea bure. Lakini namna ya kumpeleka ameshaipanga.

"Sitambeba kwenye kikapu. Siku akitoka hapa, atatembea kwa miguu yake mpaka kwa Coleta, na watu wamwone. Akishindwa kutembea, basi bado sijamaliza kazi yangu."

Anainuka kuchukua ndoo. Nyuma yake dume moja linarudi kwa nguvu na kumng'oa mdogo kwenye chuchu. Kinasikika kilio chembamba, cha kukwaruza, kisha kingine kirefu zaidi.

Bertilla anasimama, ndoo inaning'inia mkononi.

"Coleta, ni yeye?"

"Ni yeye."

"Mwache," anasema Bertilla, machozi yakimlengalenga. "Mwache apige kelele."