Utando wa Kutupia Mbwa

Bartolomayo alikuwa mchinjaji wa Dodoma, na angeishia kuchinja tusingekuwa na neno naye. Lakini mwaka reli ya Wajerumani ilipofika, alimbebea mizigo daktari wao Mdachi, akamchungulia mlangoni akimtoa kibarua maji ya tumboni kwa sindano. Akarudi na kichwa kikubwa, akitangaza kwamba tumbo la mtu na la ng'ombe ni moja, naye kapasua mangapi. Debe tupu haliachi kuvuma.

Kisha dada yake, Loisi, akajaa maji tumboni hata kupumua kukawa shida. Gideoni, mumewe, alitaka kumpeleka kwa wamisionari wa Mvumi. Bartolomayo akakataa katakata. Watu wangesemaje, dada wa mjuzi kutibiwa na wageni? Heshima yake ilimwuma kuliko ugonjwa wa dada.

Akaleta kisu chembamba anachotobolea ng'ombe waliovimbiwa, akamchoma Loisi ubavu wa kushoto, pale pale anapomchoma ng'ombe. Maji yakatiririka. Loisi akashusha pumzi, akaomba uji. Mwenye akili angekoma hapo. Lakini mchungaji yeyote wa Ugogo anajua kwamba ng'ombe aliyevimbiwa haponi mpaka upepo utoke, na upepo haukuwa umetoka. Basi akakizamisha kisu zaidi. Upepo ukatoka, na mpumbavu yule akapiga makofi.

Kesho yake tumbo la Loisi lilikuwa gumu kama ubao, naye akiungua homa. Gideoni akambeba hadi Mvumi, amechelewa. Bibi muuguzi alimweleza kwamba matumbo yamezungukwa na mfuko wa utando mwembamba, na maji yalikuwa ndani ya mfuko huo, nje ya utumbo. Kisu kilipaswa kuishia penye maji. Sasa utumbo umetoboka, uchafu umemwagika humo. Loisi alikufa jioni.

Matangani Bartolomayo ndiye aliyechinja, tena bila haya akiwaambia waombolezaji kwamba dawa yake ilikuwa nzuri, upepo ulitoka wote wakausikia. Huku akiambua utando wa tumbo la ng'ombe na kuwatupia mbwa, kama alivyofanya maisha yake yote. Gideoni akaja kusimama mbele yake.

"Shemeji," alisema, "utando kama huo ndio ulioshika maji ya dada yako. Uokote, uutazame walau mara moja."

Bartolomayo akainama kuuokota. Mbwa alikuwa ameshaumeza.