Vipindi Viwili vya Mwalimu Makofi

Tulimwita Mwalimu Makofi, maana alifundisha mapigo ya muziki bila ngoma hata moja. Shule haina. Watoto wa darasa la tatu, arobaini na watatu, walipiga makofi matatu, pigo la nne wakafungua viganja hewani, kimya. Kuanza tena ni mpaka mguu wake ugonge sakafu. Mguu haujagonga, hakuna kupiga. Anayewahi anachekwa na darasa zima.

Mimi nafundisha hesabu chumba cha jirani, na kubembeleza sijui. Makofi yale yalinipandisha hasira kila wiki. Muhula uliopita nilimshikia bango mwalimu mkuu: vipindi viwili vya Makofi nipewe mimi, watoto bado wanajumlisha kwa vidole. Mkuu akasema atakuja kusikiliza kwanza, ndipo aamue.

Kisha mke wa Makofi akafariki. Makofi alirudi kazini baada ya wiki, shati limenyooshwa pasi. Tukimpa pole anaitikia "nimeshapoa", kama mtoto anayeitwa jina asubuhi. Chai yake ilipoa mezani, nikimwondolea kikombe wala haulizi.

"Kaka, lia basi," nilimwambia siku moja. "Utakuja kupasuka bure."

"Nangoja, dada. Hakiji kitu."

Siku mkuu alipokuja, nilisimama naye mlangoni. Vipindi vile nilikuwa sivitaki tena, ila sikuwa nimemwambia mtu. Watoto walianza vizuri. Makofi matatu, viganja hewani, mguu, tena. Mara ya tano mguu haukugonga. Makofi alikuwa anatazama ukuta wa nyuma, macho makavu kabisa.

Watoto wakangoja. Mikono ikaanza kuwachoka, na hakuna aliyeishusha. Mkuu akatazama saa yake.

"Hawajui waendelee vipi," akaninong'oneza. "Chukua vipindi, mwalimu."

"Wanajua, mkuu. Wanangoja mguu wake, ndivyo alivyowafundisha."

"Si ulivitaka mwenyewe?"

Mimi mwenye mdomo mrefu kuliko wote pale shuleni, nikampisha njia. Mkuu akaenda zake ofisini. Ndani, binti wa dawati la mbele akauliza taratibu, "Mwalimu, mguu unauma?"

"Hapana," Makofi akasema. "Shusheni mikono."

Jumatatu niliingia pale na vitabu vyangu vya hesabu, nikamkuta ananifutia ubao. Alifuta kona zote, hata ile ya juu ambayo mimi siifikii.

"Darasa lako, dada," akasema. Hakuwa amenuna. Afadhali angenuna.

Nilitaka kumwambia kwamba vipindi niliviomba kabla ya msiba, kwamba usiku wa siku ile mkuu alipokuja sikulala, kwamba najichukia. Nikasema asante.

"Karibu," akasema, akatoka.