Jina Ulilolilia

Nikiikumbuka siku ile, mwanangu Aisha, mwili bado hunisisimka. Na kwa kuwa nakuona na tumbo lako hilo, unapekua simu kumtafutia mtoto jina, acha nikusimulie.

Ulipozaliwa hapa Kibaha tulikuita Samira. Baba yako alilipenda kwa mlio wake tu. Basi, ukalia! Ulikataa ziwa, ukakonda mpaka mbavu zikaonekana. Hospitali walikupima wasione kitu. Kusema kweli, moyoni nilishaanza kukuzika.

Tukakupeleka Mzenga kwa bibi yako, mama mzazi wa baba yako. Alikutazama, akasema, "Huyu analilia jina."

Akaketi mkekani, akawa anakuita kwa majina ya marehemu wa kike wa ukoo. Mwajuma. Ukalia. Zaituni. Ukalia. Yakamwishia. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Aisha."

Ukanyamaza. Shingo yako ilikuwa haijakaza, lakini uligeuka ukautazama mlango wa uani. Hapakuwa na mtu.

"Aisha ni nani, mama?" nikauliza.

"Binti yangu wa kwanza. Amezikwa pale nyuma ya jiko. Hata mumeo hajui." Akajifuta machozi kwa kanga. "Jina la Kiarabu hilo, maana yake aliye hai. Ndiko lilikotoka na hili neno maisha tunalolisema. Tulimpa ili aishi. Hakufika siku arobaini."

Nikaingiwa na hofu. "Jina la mtoto aliyekufa? Mama, sitaki!"

Akanikaripia. "Jina halikumuua! Mimi ndiye niliyelifukia pamoja naye, nisilitaje tena. Mwite mwanao, na umwite kwa sauti."

Nikakuita. Ukanyonya mpaka ukalala.

Tangu hapo, kila tukiwa Mzenga nikikuita, husikia abee mbili. Moja ni yako. Nyingine ni ndogo, hutokea nyuma ya jiko. Sijawahi kumwambia mtu.

Basi mwanangu, usichague jina kwa utamu wake mdomoni. Uliza maana yake na lilikotoka, na uwaulize wazee nani alikuwa nalo kabla. Na marehemu wako usimfiche kwa sababu anakuuma. Mtaje, umwombee.

Mungu akufungue salama, akupe mtoto wa kukuzika. Na siku utakayompeleka Mzenga, mwite kwa sauti, ili na yule shangazi yako wa nyuma ya jiko asikie.