Mkanda wa Gitaa Uliotoka Kwenye Kanga ya Mama

Watu wakimwuliza mume wangu kampuni yake ya vifaa vya gitaa ilianzaje, huwasimulia pedali yake ya kwanza, kile kisanduku cha kukanyaga kwa mguu kinachofanya gitaa lilie kama liko pangoni. Aliiunda kwenye meza yetu ya jikoni, Columbia Heights, huku ughaibuni, na moshi wa kulehemu ukaingia mpaka kwenye wali wangu. Ni kweli, lakini anaruka jambo. Pedali zilikaa tu kabatini, hakuna aliyezitaka. Kilichonunuliwa ni mikanda ya kuvalia gitaa begani, aliyoshona kwa kanga na vitenge. Mikanda ndiyo iliyozilisha pedali, mpaka leo tuna karakana yenye mlango wake na kengele. Na mikanda ilikatwa kwenye nini? Hapo ndipo huwa anakohoa.

Mama yangu aliponiaga nikija masomoni, alijivua kanga aliyojitanda, ya korosho nyekundu na maneno “Wema hauozi”, akanifunga kiunoni palepale mlangoni. Doti ni vipande viwili, kwa hiyo kimoja akabaki nacho. Alipofariki sikuweza kwenda, karatasi zangu za uhamiaji zilikuwa bado. Wakamzika na chake. Changu sikukifua kamwe. Nilikitia kwenye mfuko wa plastiki ndani ya sanduku langu, na nikizidiwa nilifungua kidogo, nikavuta pumzi, nikafunga haraka harufu isije ikaisha. Karafuu na moshi wa kuni. Mama mtupu. Mume wangu sikumwambia. Mtu unaanzaje kumwambia mumeo kwamba unanusa kitambaa?

Jumamosi moja nilitoka zamu hospitalini nikaenda moja kwa moja kumsaidia kwenye maonyesho ya vifaa vya muziki, Minneapolis. Mzungu mmoja mwenye ndevu za kufika kifuani alikuwa mezani kwetu akijaribu pedali. Kwenye mkanda wa begani kwake nikaona korosho nyekundu. Nikaona na neno “hauozi”, limekatwa kutoka kwenye “Wema hauozi”.

Mungu wangu! Nikamsogelea yule bwana mpaka akarudi nyuma. Karafuu.

“Hii kanga umeitoa wapi?” nikamfokea mume wangu. Watu waligeuka, na wageuke!

“Ile ya sandukuni?” akasema, anatabasamu, maskini. “Mke wangu, nilichagua kwa heshima. Doti zako kamili sikugusa hata moja. Nilichukua kile kisicho na mwenzake.”

“Mwenzake yuko kaburini na mama!”

Tabasamu lilimkauka. Na mimi sikungoja, nikakimbilia kwenye gari nikalia kama mtoto, na sare yangu ya hospitali mwilini. Jamani, mkasi! Mtu anachukua mkasi, anapitisha kwenye mama yangu, halafu anasema heshima! Na ubaya ni kwamba alikuwa anasema kweli. Kwao hivyo hivyo, kipande kilichobaki peke yake hufanywa kitambaa cha kushikia sufuria.

Niliporudi ndani yule bwana alikuwa ameshaondoka. Mikanda mingine ya kanga ile ilishakwenda kwa posta, majimbo nisiyoyajua. Ule wa begani kwake ndio uliokuwa wa mwisho. Nikamwambia mume wangu, nautaka, sijui utafanyaje. Akamtafuta, akampigia simu, akamweleza kila kitu.

Wiki iliyofuata yule bwana akaja mwenyewe kutoka Champlin, kwenye theluji. Pesa alizokuwa ametoa akakataa kurudishiwa. Alikuwa ameukunja mkanda ndani ya karatasi nyeupe, akanikabidhi kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga. Akasema alipoambiwa ni wa marehemu mama yangu, aliona haya kuurudisha na jasho lake. Kwa hiyo aliufua kwa mkono, mara mbili, akaupiga pasi.

Nikaupeleka puani. Sabuni.

Nikavuta tena. Sabuni tu, safi kabisa, ya maua. Mume wangu aliniangalia usoni akaelewa kabla sijafungua mdomo, akashika ukuta.

Ningefanya nini? Mtu ametenda wema. Nikamwambia asante sana, karibu, kaa unywe chai. Nikaenda jikoni, nikabandika maji, nikatia maziwa na tangawizi. Nilipofika kwenye kopo la karafuu, nikashindwa kulifungua.