Tabo ya Baba na Gogo la Baba Mdogo

Kitu cha mwisho nilichokiona kabla gari haijaangukia mtaroni ni mgongo wa baba mdogo Ambakisye. Tulikuwa tunarudi kinyumenyume kwenye kile kilima cha kutoka Ipogoro kupanda Iringa mjini. Moshi umejaa ndani, baba amekanyaga breki kwa miguu yote miwili, na breki haitaki. Akasema kwa sauti ya kanisani, "Ambakisye, weka gogo." Baba mdogo alikuwa ameshashuka na gogo analo mkononi. Akaangalia gari, akaangalia gogo, halafu akageuka na kukimbia nalo kupanda mlima, amelibana kwapani kama mtu anayewahi kuuza kuku. Sisi tukaendelea kushuka. Katika safari ile, yeye peke yake ndiye aliyefika mjini kwa miguu yake.

Sasa ngoja nirudi nyuma, maana kurudi nyuma ndiyo kazi iliyonifaa maishani.

Nyie wa rika langu mliokulia Mbeya mnaijua ile baridi ya mwezi wa sita, tunakwenda shule pekupeku, tunapokezana kusimama mahali ng'ombe alipokuwa amelala ili nyayo zipate joto. Kiazi cha kuchoma mfukoni, ukifika shule kimekuwa baridi lakini mfuko bado una harufu yake. Toi zetu tulitengeneza wenyewe. Mimi nilikuwa na lori la waya lenye magurudumu ya kandambili, na usukani wake mrefu ulifika kifuani. Nilikuwa naliendesha huku nanguruma kwa mdomo kama injini, napanda gia, napiga honi, nateremka mlima. Watoto wa siku hizi wanaendesha gari kwenye simu wamelala kitandani, gari ikipinduka wanabonyeza wanaanza upya. Sisi ikipinduka unalia kweli, na mama anakuongezea.

Baba alikuwa na Pijo 404 kuukuu, rangi ya maziwa yaliyochacha. Mtaa wa Soweto wakati huo nusu yake mahindi, na gari zilihesabika, kwa hiyo baba akipita hata kuku walisimama. Ilikuwa gari mwaminifu, lakini kwenye mlima ilikohoa, na baba alikuwa na tabia ya kuisemesha: "Taratibu mama, taratibu." Angeiacha hivyo hivyo, leo ningekuwa daktari. Au karani. Siombi makubwa.

Mwaka niliomaliza darasa la saba, jina langu likatoka. Nimechaguliwa kwenda sekondari Iringa. Shule nzima tulichaguliwa wachache sana, mnakumbuka ilivyokuwa, na darasa la saba kurudia hairuhusiwi. Ukikosa umekosa, shika jembe. Mama alinishonea shati, baba akaninunulia sanduku la bati, na mtaani nikaanza kuitwa msomi. Nikawa natembea mikono nyuma kama afisa elimu.

Tatizo likawa siku. Tulitakiwa kuripoti Jumatatu asubuhi. Baba alikuwa mzee wa kanisa, akasema mtoto wake hawezi kuondoka bila kuombewa Jumapili mbele ya usharika. Na Jumapili, kama mnavyokumbuka, ilikuwa marufuku kuendesha gari kuanzia saa nane mchana, mafuta yalikuwa shida nchini. Kwa hiyo ibada iishe, halafu tufike Iringa kabla ya saa nane. Kwa Pijo ile ya kukohoa, haiwezekani.

Mama akasema neno la akili, na ndiyo maana halikusikilizwa. "Baba Lusajo, si apande basi Jumamosi. Mungu yupo na Jumamosi."

Baba akajibu, "Mtoto wa gari apande basi?"

Hapo ndipo Ambakisye alipoingia. Mdogo wake baba, tanboi wa malori ya Zambia, kijana wa suruali pana chini kama kengele. Kazi yake ilikuwa moja: lori likishindwa mlima, anaruka chini na gogo, anaweka nyuma ya tairi lisirudi. Alijisifu kwamba hajawahi kuchelewa. Siku hiyo akaja na gunia, akalifungua ukumbini, ndani kuna dude la chuma kama konokono mkubwa. Lilitoka kwenye lori lililoanguka Kitonga.

"Kaka, hii ndiyo tabo," akasema. "Injini yako inapumua kwa pua moja. Hii ni pua ya pili. Lori likiwa na hii linapanda Kitonga linapiga filimbi."

Mama akatoka jikoni na mwiko. "Mnataka kuweka nini kwenye gari?"

"Tabo, shemeji."

"Tabu?"

"Tabo."

"Haya. Mimi nimesikia tabu," akasema, akarudi kwenye chungu chake.

Na mimi, kichwa cha darasa, nilikaa pale nikilipapasa lile konokono, sikujiuliza hata kidogo tangu lini konokono akaharakisha mtu.

Gari ikapelekwa kwa fundi Kalinga. Huyu namtaja kwa jina, ingawa ameshatangulia, maana na huko aliko nadhani ameshaulizwa. Kalinga hakuwahi kufungua tabo maishani mwake. Baba alipomuuliza kama anaijua, alijibu, "Mzee, kitu chochote kinachozunguka nakijua." Baba akaridhika na jibu hilo. Konokono la lori la dizeli likafungwa kwenye injini ya Pijo ya petroli ambayo hakuna kitu kingine ndani yake kilichobadilishwa, pistoni zilezile, gasketi ileile, kama vile unamvisha mtoto wa chekechea buti za askari halafu unamwambia kimbia. Tabo inahitaji oili, ipite isiungue. Kalinga akaipelekea oili kwa mpira wa pampu ya baiskeli. Baba mdogo akaushika, akauvuta, akasema huu mpira ni wa Kizungu, hauwezi kuyeyuka. Na injini ilipowashwa ikatoa mlio kama misumari ndani ya kopo, Kalinga akafuta mikono, akasema, "Hiyo inafurahi."

Kilichobaki ni kuandika. Enzi hizo gari bila maandishi nyuma ilikuwa kama mtu bila jina. Baba akanipa rangi nyekundu na brashi, akasema, "Msomi, andika TABO, watu wajue." Nikachuchumaa nyuma ya gari. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha kwamba neno lisilo na maana ni kosa. Nikafikiri sana. Tabo haimo katika Kiswahili nilichofundishwa. Basi baba amekosea, na mimi niliyechaguliwa siwezi kuandika kosa. Nikaandika kwa mwandiko wangu bora, herufi zimesimama kama gwaride: TABU.

Jumapili ibada ilipoisha, mchungaji na usharika wakatoka nje kuombea mtoto na gari. Mchungaji akazunguka mpaka nyuma, akasoma, halafu akaomba upya, safari hii kwa Kinyakyusa na kwa kirefu. Wazee wakaitikia amina kwa sauti ya msibani. Baba, aliyekuwa mbele anaangalia saa, alidhani ni upendo.

Tukaondoka. Baba kwenye usukani, Ambakisye pembeni yake na gogo lake miguuni, mimi nyuma na sanduku magotini. Ile tabo ilikuwa na tabia yake. Baba anakanyaga, hakuna kitu. Anakanyaga tena, hakuna. Akishasahau kwamba amekanyaga, ndipo inakuja, fyuuu, vichwa vyetu vinagonga viti, na baba anapita gari ambayo hakukusudia kuipita. Mlima wa Inyala tulipanda kama tunateremka. Nilikuwa na furaha, nisiwadanganye. Nilitoa kichwa dirishani nikapungia watu wa Igurusi kama rais.

Chimala tulisimama kupisha ng'ombe wa Wasukuma wanaohamia Usangu. Akina mama wauza mchele wakasoma nyuma ya gari. Mmoja akamwambia mwenzake, "Umeona? Wengine wanaificha, hawa wameiandika." Baba akashuka, akazunguka, akasoma. Akarudi, akakaa, akanitazama kwenye kioo.

"Umeandika nini?"

"Tabu, baba. Tabo siyo neno."

Ambakisye akacheka mpaka akapiga dashibodi. Baba akasema tu, "Tutaifuta Iringa."

Makambako misumari ikaongezeka ndani ya kopo. Mafinga kukawa na harufu ya kandambili inayoungua, na mimi nikaangalia zangu kwanza. Nikasema, "Baba, kuna kitu kinaungua." Ambakisye akageuka akaniambia, "Msomi, wewe kazi yako ni kuandika." Baba aliangalia saa. Ilikuwa inakaribia nane, na Iringa ilikuwa karibu. Akakanyaga.

Tukashuka, tukavuka mto Ruaha pale chini, tukaanza kilima cha mwisho. Mji uko juu pale, unauona, mapaa ya bati yanang'aa. Baba akakanyaga, ikanyamaza. Akakanyaga tena. Halafu ikaja yote kwa pamoja: mlio, moshi, mpira wa Kizungu umeyeyuka, oili inamwagika kwenye chuma cha moto, na injini ikafa kama taa. Gari ikasimama kidogo, ikafikiri, ikaanza kurudi. Yaliyofuata nimeshawaambia.

Baba alitoka na mikwaruzo. Mimi sanduku la bati lilinibana mguu, ukavunjika mahali pengi kiasi kwamba daktari alihesabu mara mbili. Nililazwa hospitali ya juu huko mjini, na upepo ukivuma vizuri nilisikia kengele ya shule yangu. Asubuhi inalia, wenzangu wanaingia. Mchana inalia, wenzangu wanakwenda kula. Nikawa mwanafunzi wa kengele. P.O.P., ile plasta ya mguu, ilipotolewa, baba alinipeleka nikichechemea mpaka ofisini, na mkuu wa shule akasema kwa upole kwamba nafasi yangu ilikwishajazwa. Ndipo elimu yangu ilipoishia, pale mlangoni.

Leo nauza nyanya Ilula, kando ya barabara. Malori yanapita mchana kutwa yakitoka Kitonga, kila moja na tabo yake, yanapiga filimbi. Vijana nao siku hizi wanafunga vifilimbi kwenye ekzosi ya gari ndogo ili ilie tu, ndani hakuna kitu. Nilikuwa nawacheka. Siku hizi nawaonea wivu. Kizazi chetu tulikuwa na tabo ya kweli na hatukufika, wao wana kelele peke yake na wanafika. Na watoto wao wakichaguliwa wanapanda basi, kimya kimya, na sanduku la plastiki.

Baba aliondoka duniani bila kulisema neno la gogo. Nikimuuliza alijibu, "Mwache, ni mdogo wangu." Kalinga naye hayupo. Aliyebaki ni mmoja, yuko Uyole, mzee mwenye bakora na afya njema, na kila harusi ya ukoo anaisimulia hadithi hii. Anasimulia vizuri, watu wanalia kwa kicheko. Gari ilikufa, anasema, kwa sababu msomi aliandika TABU, maneno yanaumba. Halafu ananinyooshea bakora nilipokaa, nami nacheka na wengine, maana neno niliandika kweli. Kwenye gogo hadithi yake haifiki. Inaishia kwenye moshi.

Basi naandika, kwa mwandiko uleule. Baba mdogo, shikamoo. Neno la nyuma ya gari nimelijibu maisha yangu yote, na mguu ni shahidi. Sasa ni zamu yako. Harusi ya mjukuu wako nitakuja, nitakaa mbele, na ukishamaliza kuwachekesha watu, simama hapohapo na bakora yako uwaambie wanangu: kaka yako alikuambia uweke gogo, na gogo ulikuwa nalo. Ulilipeleka wapi?